Ufundi wa Bustani na Viwanja: Kazi Imfaayo Kijana Aliyesoma

(Maneno yaliyonenwa mbele ya machifu, waalimu na wazazi)

Habari tuliyowaletea leo ni habari ya kazi. Kazi yenyewe si ngeni machoni penu, maana kila mmoja wenu amepata kuiona. Lakini ni wachache walioitazama kama itazamwavyo kazi ya seremala au ya mwashi. Nayo ni ufundi wa kutengeneza bustani na viwanja: kuipima ardhi inayozunguka nyumba, shule, hospitali au baraza, kuyaongoza maji yake, kuitengeneza miteremko yake, kupanda majani, miti na maua mahali panapostahili, kisha kuvitunza vyote hivyo hata vidumu miaka mingi.

Twajua neno linalonenwa na wazazi wengi wakiisikia habari hii. Husema, "Mwanangu hakupelekwa shule ili arudi kushika reki. Kulima najua mwenyewe, na baba yangu alijua. Ya nini kulipa ada?" Neno hili lina haki ya kujibiwa, wala hatutalipita. Twawaomba tu mtusikilize kwanza, mpime wenyewe kama kazi hii ni ya reki peke yake, ama kama ina elimu ndani yake.

Tuanze na jambo mlionalo kila masika. Shule imejengwa juu ya mteremko. Mafundi waliojenga walikata kilima, wakaifagia miti, wakausukuma udongo mweusi chini bondeni, wakasimamisha kuta na kuezeka mabati, wakaenda zao. Mwaka wa kwanza uwanja ni mweupe na safi, na watu wote wasifu. Mwaka wa pili panaonekana mfereji mdogo kando ya ukuta. Mwaka wa tatu msingi umekuwa wazi, na watoto waruka shimo ili waingie darasani. Halafu kamati yaitwa, fedha zachangwa, saruji yanunuliwa. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwashi hakufanya kosa katika kuta zake. Kilichokosekana ni mtu wa kuitazama ardhi, na mtu huyo ndiye fundi tunayemtaja.

Fundi wa namna hii, kabla hajashika jembe, hupiga hesabu ya maji. Waalimu, hesabu hii mwaweza kuwapa watoto wenu kesho asubuhi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Basi paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160. Mvua ya milimita 30, ambayo ni mvua ya alasiri moja tu katika masika, huangusha juu ya paa hilo lita 4,800, ndiyo madebe 240 ya lita 20. Fikirini madebe 240 yakimwagwa kando ya ukuta mmoja, mahali pamoja, kwa muda wa saa moja. Je, mtu asiyejua hesabu hii atajuaje upana wa mfereji wa kuuchimba? Atachimba kwa kukisia, na mvua haikisii.

Akiisha kujua wingi wa maji, yampasa kujua njia yake. Maji hufuata mteremko, nayo yakienda kwa haraka huchukua udongo, yakienda polepole huuacha. Kwa hiyo fundi huuinamisha uwanja utoke nyumbani, usiingie nyumbani. Na kipimo kinachofuatwa na mafundi wengi ni kushuka sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Baada ya hapo huupunguza mteremko, na mfereji wake huupa kushuka kidogo tu, kama sentimita 1 kwa kila mita 1, ili maji yaende wala yasikimbie. Mahali penye mteremko mkali hukata matuta yanayozunguka kilima, tuta moja chini ya jingine, na kingo zake huzishika kwa mawe au kwa majani yenye mizizi mirefu.

Mtu atauliza, "Atayapataje matuta yaliyo sawa, naye hana vyombo vya wapima ardhi?" Chombo chake chaweza kufanywa kijijini kwa saa moja. Atwae miti miwili iliyonyoka, yenye urefu wa mita 2 hivi, aifunge vichwani pamoja na kuitanua miguuni, apigilie mti wa tatu katikati kwa mapana, hata umbo lake liwe kama herufi A. Kileleni afunge uzi wenye jiwe. Asimamishe miguu yake juu ya mahali pawili, atie alama pale uzi unapogusa mti wa katikati; kisha aigeuze, mguu wa kulia uwe mahali pa ule wa kushoto, atie alama ya pili. Nusu ya njia baina ya alama hizo mbili ndiyo alama ya usawa. Tangu hapo, kila uzi unapoangukia alama hiyo, miguu yote miwili i katika kimo kimoja. Hivyo aenda hatua kwa hatua kilimani, akipiga vigingi, na vigingi vyake vyamwonyesha mstari ambao maji hayatakimbia juu yake. Chombo hiki hakina bei. Lakini mwenye kukitumia sharti awe ameelewa kwa nini alama ya nusu ni ya kweli, na hiyo ni elimu ya darasani iliyotoka nje.

Neno la pili ni udongo. Udongo wa juu, ule mweusi, aghalabu ni kina cha kiganja au viwili tu, nao ndio wenye uhai. Wajenzi wasiojua huuchanganya na udongo mwekundu wa chini, au huuzika chini ya kifusi, kisha mwenye nyumba hushangaa kwamba majani hayaoti. Fundi mwema hufika kabla ya wajenzi, akaukusanya udongo wa juu kando, akaufunika usichukuliwe na mvua, na nyumba ikiisha akaurudisha juu ya uwanja. Kitendo hiki kimoja humwokolea mwenye nyumba fedha nyingi, kwa maana udongo mwema ukipotea haununuliwi kwa urahisi.

Tazameni tena hesabu. Uwanja wa mita 30 kwa mita 20 una mita za mraba 600. Kuufunika kwa udongo mwema wa kina cha sentimita 10 kwahitaji mita za ujazo 60. Na lori lenye kubeba mita za ujazo 6 litakwenda safari 10. Mwenye kupanda ukoka katika uwanja huo, kipandikizi kimoja kila sentimita 20 kila upande, atapanda vipandikizi 25 katika kila mita ya mraba, na kwa uwanja mzima 15,000. Kijana aliyekubali kazi hiyo kwa bei ya kukisia, pasipo kuhesabu safari za lori wala siku za vibarua, hatakula faida. Atakula hasara, na mwisho wake atamlaumu mwenye nyumba. Twawaambia kweli kwamba mafundi wengi wa kazi hii walioanguka, hawakuangushwa na jembe. Waliangushwa na kalamu waliyoidharau.

Neno la tatu ni mimea yenyewe. Hapa mtaona tofauti ya mtu aliyejifunza na mtu aliyeona tu. Kupanda mti kwafanana na jambo dogo, lakini miti mingi hufa kwa mikono ya wapandaji. Mpandaji asiyejua huchimba shimo jembamba na refu, akautia mti pamoja na mfuko wake wa plastiki, akaufukia hata shina likazama, akaenda zake. Fundi huchimba shimo lenye upana kama mara mbili ya bonge la mizizi, na kina chake hakipiti kina cha bonge hilo. Huuvua mfuko, huitazama mizizi iliyojizungusha akaikata au kuinyosha, huuweka mti mahali ambapo shingo ya shina i sawa na uso wa ardhi, hushindilia kwa mguu polepole, humwagilia, kisha hutandaza majani makavu kuuzunguka, lakini hayaachi yaguse shina lisije likaoza.

Zaidi ya hayo, sharti aujue mti utakavyokuwa baada ya miaka 20. Mwarobaini, mwembe na mkungu hutoa kivuli chema, lakini kila mmoja wahitaji nafasi yake. Mikuyu na jamaa zake ni miti mizuri katika uwanja mpana, bali karibu na nyumba mizizi yake huinua sakafu na kuziba mabomba. Mikaratusi hunywa maji mengi, basi haifai karibu na kisima wala chemchemi. Mkrismasi huchanua vizuri kuliko yote, lakini matawi yake huvunjika upesi katika upepo, basi usiupande juu ya njia wapitapo watoto. Mnyaa hufanya ua mzito usiopitwa na mbuzi, lakini utomvu wake ukiingia machoni huumiza sana, basi haufai penye watoto wadogo. Mambo haya hayamo katika nguvu za mikono. Yamo katika kutazama, kusoma na kukumbuka.

Tena yampasa ajihadhari na mgeni mzuri wa sura. Gugu maji, lile lenye ua la zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini, nalo lilisambazwa duniani na watu walioupenda uzuri wake katika vidimbwi vya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 lilifunika bandari na fuko za wavuvi, hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Mti uitwao mathenge nao ulipandwa Baringo, katika Kenya, katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Ukaenea kupita ulivyotakiwa, ukatwaa malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Waliopanda walikuwa na nia njema. Lakini nia njema pasipo maarifa yaweza kuwatesa wajukuu. Kwa hiyo fundi wa bustani, kabla hajaleta mmea kutoka mbali, hujiuliza: mbegu zake hubebwa na nani, ndege au maji? Na mmea wa kwetu wa kazi hiyo hiyo haupo?

Sasa turudi kwa yule mzazi mwenye neno. Asema kazi hii ni ya mtu asiyesoma. Basi na asikilize habari za watu wawili wa Uingereza. Wa kwanza ni Lancelot Brown, aliyezaliwa mwaka 1716 katika kijiji cha Kirkharle. Alianza kazi akiwa kijana katika bustani ya bwana mmoja wa kijijini kwao. Mwaka 1741 alikwenda kufanya kazi Stowe, katika bustani kubwa iliyosifiwa sana wakati ule, na hapo akajifunza kuisoma ardhi. Akaja kuwa mtu wa kuitwa na matajiri wa nchi nzima. Na kwa kuwa desturi yake ilikuwa kuwaambia wenye mashamba kwamba ardhi yao ina uwezo wa kuwa bora, watu walimpa jina la utani lenye maana ya Uwezo. Alizuia mito ikawa maziwa, alihamisha vilima, alipanda misitu. Mwaka 1764 alifanywa mkuu wa bustani za mfalme huko Hampton Court.

Wa pili ni Joseph Paxton, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1803. Mwaka 1826 aliwekwa kuwa mkuu wa bustani za Chatsworth, naye alikuwa hajatimiza miaka 23. Huko alijenga nyumba za vioo za kutunzia mimea ya nchi za joto, na mwaka 1849 alilifanya yungiyungi kubwa la Amerika ya Kusini lichanue, jambo ambalo halijapata kuonekana katika Uingereza. Alipotazama jinsi mbavu zilizo chini ya jani lile zinavyolishika, hata laweza kumbeba mtoto, alipata shauri la kujenga kwa chuma na vioo. Kwa shauri hilo alichora nyumba kubwa ya maonyesho ya mwaka 1851 katika London, ile iliyoitwa Jumba la Kioo, na malkia akampa cheo cha heshima. Mtu yule alianza na ndoo ya kumwagilia. Hakuiacha kazi yake ili apate heshima. Heshima ilimfuata ndani ya kazi yake.

Lakini mtasema, hao ni watu wa mbali na wa zamani. Basi njoni karibu, mpaka pwani ya Mombasa. Mwaka 1954 kiwanda cha saruji kilianza kazi Bamburi. Saruji hutokana na mawe ya chokaa, na pwani ile ni mawe ya matumbawe. Basi walichimba mwaka baada ya mwaka, hata pakawa na mashimo mapana, meupe, makavu, yasiyo na udongo hata wa kujaza kikombe, na maji yaliyokuwa chini yake yalikuwa na chumvi. Aliyeyatazama alisema, hapa ni jangwa la milele.

Mwaka 1971 bwana mmoja wa Uswisi, René Haller, aliyekuwa amejifunza ufundi wa bustani na kilimo cha nchi za joto, alianza kupanda miti mle shimoni. Alijaribu aina 26. Zilizoishi ni aina 3 tu: mnazi, mti mmoja wa Somalia uitwao damas, na mvinje. Hapa angalieni akili ya fundi. Hakuilaumu ardhi, aliuchagua mvinje, kwa kuwa mti ule huvumilia chumvi, na mizizi yake ina vijidudu vinavyotwaa chakula cha mimea kutoka hewani. Mivinje ikakua. Lakini likatokea shaka jingine: majani yake membamba yalianguka yakarundamana, wala hayakuoza, maana yana ukali unaowafukuza vijidudu vya kuozesha. Pasipo kuoza hapana udongo, na pasipo udongo hapana mti mwingine.

Dawa ilikuwa jongoo. Waliletwa jongoo wekundu, wale ambao watoto huwachezea wakati wa mvua, nao wakayala majani makavu, na samadi yao ikawa udongo mweusi. Kidogo kidogo, haba na haba, udongo ule ukajaa. Ikapandwa miti mingine, vikachimbwa vidimbwi vya samaki, ndege wakaja wenyewe, wanyama wakaletwa. Mwaka 1984 mahali pale palifunguliwa kwa wageni, na siku hizi paitwa kwa jina lake Haller. Watu waendao kutazama viboko na kobe wakubwa chini ya kivuli hawakumbuki kwamba walisimama katika shimo la mawe. Basi mtu akikuambia kwamba uwanja wa shule yako ni mkavu na hautaota kitu, mwambie habari za jongoo wa Bamburi.

Nao walioko Unguja wana ushuhuda wao. Bustani ya Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe, ilifunguliwa mwaka 1936 kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub. Miaka ikapita, ukuta wa bahari ukachoka, na bustani ikachakaa. Mwaka 2009 ilifunguliwa tena baada ya kutengenezwa upya kwa msaada wa shirika la Aga Khan. Kazi ile haikuwa ya kupanda maua tu: palikuwa na ukuta wa bahari, njia za kupita watu, taa, mifereji na majani. Humo mwaona jinsi fundi wa bustani afanyavyo kazi bega kwa bega na mwashi, fundi bomba na fundi wa umeme. Naye asipoweza kuusoma mchoro wao, atabaki kuwa mtu wa kutumwa.

Wala kazi hii si ya wanaume peke yao. Mwaka 1977 marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya alianzisha Chama cha Ukanda wa Kijani. Wanawake wa vijijini walifundishwa kuotesha miche, na walipewa malipo kidogo kwa kila mche ulioshika. Waliambiwa kwanza kwamba kupanda miti ni kazi ya mabwana wa misitu wenye shahada. Wakajibu kwa miche iliyoota. Mwaka 2004 Profesa yule alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kitalu cha miche ni mlango mwema sana wa kuingilia kazi hii, kwa kuwa chaanza na mifuko, udongo, mbegu na maji, nacho chawekwa nyuma ya nyumba.

Sasa tuseme wazi na mabaya ya kazi hii, ili kijana asije akadanganyika. Ni kazi ya jua na mvua, na mgongo huuma. Wakati wa kiangazi kazi za kupanda hupungua, na asiyeweka akiba atakopa. Wako wenye nyumba wasiolipa upesi. Kwa hiyo fundi na aandike mapatano kabla ya kuanza, aonyeshe kazi ni ipi, bei ni kiasi gani, na malipo yatolewe lini, sehemu ya kwanza kabla ya kununua vitu. Dawa za kuua wadudu na magugu ni sumu, na asiyeweza kusoma maandiko ya chupa asizishike kamwe, wala asizichanganye katika chombo cha maji ya kunywa. Tena zana zake azitunze: jembe, sululu, koleo, reki, toroli, mkasi na msumeno wa kupogolea, kamba ya kupimia na pima maji. Fundi mwenye mkasi butu huichana miti, na mti uliochanwa huingiwa na maradhi.

Kijana atajifunzaje? Kwanza, na amalize masomo yake, maana tumekwisha onyesha kwamba hesabu na kusoma ndivyo vimtofautishavyo na kibarua. Pili, na ajiunge na fundi anayejulikana kwa kazi njema, amfuate angalau misimu miwili, ya mvua na ya kiangazi, kwa kuwa bustani isiyoonekana katika kiangazi haijajulikana. Tatu, palipo na chuo cha ufundi au cha kilimo, na aende akapate cheti, kwa maana wenye kazi kubwa, kama hospitali na hoteli, hutaka kukiona. Nne, na aende akatazame mahali palipotunzwa. Amani katika milima ya Usambara pana bustani ya miti iliyoanzwa mwaka 1902. Entebbe pana bustani iliyoanzwa mwaka 1898. Nairobi pana shamba la miti lililoanzwa mwaka 1907 kwa kujaribu miti ya kuni za gari la moshi. Huko ataona mti uliokomaa, ajue ukubwa wake wa kweli, asije akaupanda chini ya dirisha.

Tena kijana aliyeanza na aandike daftari. Aandike siku aliyopanda, aina ya mche, mvua ilinyesha lini, mche upi umekufa na kwa nini. Baada ya miaka mitatu daftari lile litakuwa na thamani kuliko zana zake zote, kwa sababu litamwambia habari za ardhi ya wilaya yake, ambazo hazimo katika kitabu chochote.

Basi tumalize kwa kusema na kila mtu neno lake.

Ninyi machifu na wazee, mnapogawa kiwanja cha kujenga shule, soko au zahanati, ulizeni kwanza maji yatakwenda wapi. Wala msikubali kazi ya kujenga iitwe imekwisha kama udongo unaozunguka jengo u wazi. Wekeni katika hesabu ya jengo fungu la kutengeneza uwanja, hata likiwa dogo, na kazi hiyo mpeni kijana wa kwenu aliyejifunza, msimpe mjomba wa mtu.

Ninyi waalimu, bustani ya shule isiwe mahali pa kuwaadhibu watoto waliochelewa. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe atalichukia jembe maisha yake yote, na ninyi ndio mtakaokuwa mmemfundisha chuki hiyo. Ifanyeni kuwa darasa: hesabu ya paa, chombo cha herufi A, daftari la miche. Mtoto mmoja katika arobaini akiipenda, mmeipa nchi fundi.

Ninyi wazazi, twawauliza nanyi swali. Kijana wenu aliyemaliza shule, akakaa mjini miaka mitatu akingojea kiti na meza, na kijana wa jirani aliyetengeneza viwanja vitatu na kulipwa, ni yupi aliyeitumia elimu yake? Wazee walisema, kazi mbi si mchezo mwema. Na hii wala si kazi mbi. Mwajua wenyewe jinsi mtu anavyoheshimiwa kijijini akisemwa, "Mwembe huu aliupanda fulani." Mafundi wengine hufanya vitu vinavyoanza kuchakaa siku ile vinapokamilika: kiti huchakaa, bati hushika kutu. Fundi wa bustani akifanya kazi yake vema, siku anayoondoka ndiyo siku kazi yake inapoanza kukua.

Nanyi vijana, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inameni, mwishike ardhi, mwisome. Mvua za masika hazingoji, nayo miteremko ya shule zetu yawangoja ninyi.

Tumesema ya kutosha. Mwenye swali na aulize, nasi tutamjibu kwa kadiri ya tujuavyo.